Jiwe la Chini ya Mwembe

Nyundo ilikuwa imeshainuliwa mama mwenye kiwanja aliposema, "Baba, ngoja kwanza."

Ilikuwa saa nne asubuhi, pembeni mwa mji wa Morogoro, Uluguru bado imejifunika mawingu. Tulikuwa tumefukua jiwe la mpaka chini ya mwembe: kichwa cha zege, na katikati yake pini ya chuma iliyoliwa na kutu. Risiva yangu, kifaa cha kupimia ardhi kwa setilaiti, ilinionyesha kwamba, kwa namba za ramani ya upimaji, jiwe hilo lilipaswa kuwa sentimita 62 upande wa mashariki. Na shina la mwembe lilikuwa limeshalikaribia kabisa, mzizi mnene kama paja umepita ubavuni mwake. Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu. Nikamweleza mama kwamba mzizi umelisukuma jiwe, kwamba tutaling'oa na kusimika jipya mahali panapotakiwa.

"Mzizi?" akasema. "Huu mwembe nimeupanda mimi. Yule mpima wa kwanza aliniambia, mama, miaka itapita, majani yatalifunika jiwe, weka alama yako. Nikahesabu hatua moja kuingia kwangu, nikapanda. Jiwe halijahama, mwanangu. Mwembe ndio umelifuata."

Nikamwambia kijana wa vipimo ashushe nyundo.

Naandika haya wiki saba baadaye kwa sababu ya jambo moja ambalo halijanitoka. Nilisimamisha nyundo kwa adabu tu. Yule ni mama mkubwa, ameniomba ningoje, nikangoja. Shaka sikuwa nayo hata chembe.

Imefiksi

Wenzangu wapima ardhi mnalijua neno hilo na raha yake. Unasimamisha nguzo, unasubiri, kioo kinabadilika rangi, kijana anaita kutoka mbali: "Imefiksi!" Kuanzia hapo namba zinasimama kwenye sentimita mbili, tatu, na kazi iliyokuwa ya siku nne inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kinachotokea ndani ya kile kichwa cha risiva bado kinanishangaza baada ya miaka yote hii. Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yake makuu yana urefu wa sentimita 19 hivi, na risiva hupima sehemu ndogo ya wimbi moja. Ugumu ni kujua mawimbi mangapi kamili yako kati ya setilaiti na nguzo yako. Peke yake risiva haiwezi kulijua hilo kwa haraka, kwa hiyo inasaidiwa na nyingine iliyokaa mahali panapojulikana: besi yako mwenyewe, au siku hizi kituo cha kudumu kilichofungwa juu ya paa la taasisi fulani, kinachosikiliza setilaiti hizohizo usiku na mchana na kutuma masahihisho kwa intaneti. Unaweka bando kwenye laini, unaingiza jina na nywila, unafanya kazi. Hesabu ya mawimbi ikishakaa kwenye namba kamili, imefiksi.

Zamani uliteuliwa kuwa mpima kwa miguu yako kwanza. Alama za msingi zilikuwa juu ya vilima kwa sababu lazima moja iione nyingine, na wewe unapanda na teodolaiti, chombo cha kupimia pembe, begani. Leo kituo kiko mji mwingine, hukioni wala hakikuoni, na kazi inakwenda. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nalilia enzi za teodolaiti. Sizililii. Mtandao wa vituo vya kudumu umefanya jambo ambalo vizazi vya wapima vililitamani: mtu wa Morogoro na mtu wa Mwanza kupima wakiwa kwenye mfumo mmoja, na kazi ya leo kurudiwa miaka kumi ijayo na mtu asiyekujua.

Lakini raha ya neno lile ilinizoesha vibaya. Nilianza kuchukulia kwamba kinachofiksi ni mpaka.

Mwembe mahakamani

Usiku ule sikulala vizuri. Nikajiambia, basi tuseme mama yuko sahihi. Hizo sentimita 62 zimetoka wapi?

Nilimshuku mwembe kwanza. Matawi hukata mawimbi, majani mabichi huyadhoofisha, na mawimbi mengine hugonga ukuta ulio karibu ndipo yakafika kwenye risiva yakiwa yamechelewa. Risiva inaweza kufiksi kwenye hesabu isiyo sahihi huku ikikuonyesha rangi ileile ya kijani. Kila mpima aliyefanya kazi kwenye migomba au mikorosho ameshakutana na hali hiyo, hata kama hasemi.

Niliporudi nikaiacha risiva mbali na mwembe. Nikaweka besi yangu kwenye nguzo ya msingi iliyo karibu, nikapima pointi mbili uwanjani, mbingu ikiwa wazi, kisha kutoka pale nikalilenga jiwe kwa totali stesheni, kifaa cha kupima pembe na umbali bila setilaiti, kupitia uwazi kati ya matawi. Sentimita 61. Mwembe ukaachiwa huru.

Nikafikiria anga. Sisi Watanzania tuna shida ambayo vitabu vya Ulaya huipitia haraka. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita kaskazini yetu, huko Ethiopia, na chembe za umeme za tabaka la juu la hewa hurundikana katika mikanda miwili kando yake. Mkanda wa kusini hutujia sisi. Jua likizama, mawimbi ya setilaiti yanayopita humo huanza kutetemeka, na miaka ambayo jua lina madoa mengi hali huwa mbaya zaidi. Tarehe 10 Mei 2024 dhoruba ya jua ilipoipiga dunia, wakulima wa Marekani wenye matrekta yanayoongozwa na setilaiti walisimama katikati ya msimu wa kupanda. Ila kosa la anga hubadilika saa hadi saa. Halirudi wiki ya pili, asubuhi nyingine, likiwa na ukubwa uleule na kuelekea upande uleule.

Kisha nikapata wazo lililonifurahisha mno, na siku mbili nzima niliamini nimemaliza.

Ardhi yenyewe inatembea. Bara letu zima husogea kuelekea kaskazini mashariki, kama sentimita 3 kila mwaka ukipima kwa mfumo wa dunia nzima. Mfumo wetu mpya wa taifa, TAREF11, umefungwa kwenye mwaka 2011. Mtu akipima leo kwa huduma inayompa namba za leo, akazilinganisha na za 2011 bila kusahihisha, atakuta nchi imemkimbia zaidi ya sentimita 40. Nikaona, kumbe! Jiwe limesafiri na bara.

Nikachora mshale kwenye karatasi. Bara linakwenda kaskazini mashariki. Jiwe langu lilikuwa magharibi ya namba zake.

Upande usiofaa kabisa. Na besi yangu nilikuwa nimeipa namba za TAREF11, kwa hiyo besi na jiwe vilikuwa vimesafiri pamoja, kama abiria wawili wa basi moja. Nikaikunja karatasi.

Shamba moja karibu na Port Elizabeth

Ramani ya upimaji ya kile kitalu, yaani kundi la viwanja kilimo kiwanja cha mama, ni ya 1978. Ukisoma pembeni unakuta neno ambalo wapima wa Tanzania, Kenya na Uganda tumelikuta shuleni na kulizoea mpaka hatulioni tena: Arc 1960, jina la mfumo wa zamani wa namba za ramani.

Safari hii nililisoma polepole.

Mwaka 1879 mtaalamu wa nyota aliyekuwa Afrika Kusini, David Gill, alitoa wazo la kupima bara hili kwa mnyororo wa pembetatu kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Misri, kwa kufuata longitudo ya 30 mashariki. Kazi ilikwenda kwa vipande, ikasimama, ikaendelea. Kipande cha Tanganyika kilipimwa na kikosi cha Mwingereza Martin Hotine kati ya 1931 na 1933, upande wa magharibi wa nchi. Pengo la mwisho, huko Sudan, lilizibwa miaka ya 1950. Na mnyororo wote huo una mahali pa kuanzia: Buffelsfontein, shamba lililo karibu na Port Elizabeth, mji wa Afrika Kusini ambao sasa unaitwa Gqeberha. Namba za kiwanja cha mama yule zimehesabiwa kutoka pale, pembetatu kwa pembetatu, zaidi ya kilomita 3,000, mpaka vilele vyetu, na kutoka vileleni mpaka chini mjini, mpaka kwa yule mpima wa 1978 aliyemwambia mama apande mti.

Kila pembetatu iliongeza kosa dogo. Wale watu walipima kwa umakini ambao sisi wa kubonyeza kitufe hatuna haki ya kuudharau, lakini kosa dogo likipokezanwa kilomita elfu tatu linakuwa na umri na tabia yake. Halafu umbo la dunia walilotumia si hili la setilaiti. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kama ni za GPS, hapa kwetu utaangukia karibu mita 300 kaskazini au kusini ya pale ulipotaka, na karibu mita 90 mashariki au magharibi. Ndiyo maana tunatumia vigezo vya kubadilisha namba za mfumo mmoja kwenda mwingine.

Vigezo hivyo nilivipata wapi? Kwa bosi wangu wa kwanza, kwenye flashi. Yeye alivipata kwa mwenzake. Ni namba chache tu, seti moja kwa nchi nzima, za wastani. Wastani hauna kosa ukichora ramani ya wilaya. Ila kuna mahali unakupa mita moja ya ziada, kwingine nusu mita, na haukwambii ni wapi.

Nilikuwa nabeba namba hizo kwenye kifaa changu miaka kumi na moja. Sikuwahi kuzijaribu kwenye mawe ya zamani ya mji huu.

Tepu

Nilirudi mara ya tatu na jembe, panga na tepu ya mita 50. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alinipa mjumbe wa kuzunguka naye, mzee anayekumbuka kila nyumba ilipoanza. Tulitafuta mawe ya kitalu kile kuanzia asubuhi. Moja lilikuwa chini ya rundo la matofali. Jingine lilikuwa limefanywa figa, likiwa bado mahali pake, sufuria ya maharage juu yake. Jingine tulilikuta kwa kugonga ardhi na sululu mpaka mlio ukabadilika.

Mawe matano kwa jumla, pamoja na la mwembe.

Yote yalikuwa magharibi ya namba zake. Sentimita 58, 60, 61, 63, 61. Manne kati yake hayana mti wowote jirani.

Kisha mjumbe akashika mwanzo wa tepu, nikaivuta jiwe kwa jiwe. Palipoandikwa 35.02 kwenye ramani nilisoma 35.00. Palipoandikwa 28.40 nilisoma 28.41. Sehemu moja tu ilipishana kwa sentimita 3, nayo ina mteremko na tepu yangu si mpya.

Nilikaa juu ya tofali.

Mawe yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe baada ya zaidi ya miaka arobaini, kwa kipimo cha mtu aliyetembea na utepe wa chuma juani. Kitalu kizima kimetulia palepale kilipowekwa. Kinachoelea ni namba, na aliyezifanya zielee juu ya kitalu ni mimi, kwa vigezo vya kwenye flashi. Ningelihamisha jiwe moja tu, ningekuwa nimelitoa kwenye familia yake. Na kama ningezifuata namba kwa uaminifu mpaka mwisho, ningewasogeza wote: kila ukuta wa kitalu kile ungeingia kwa jirani sentimita 60, choo cha huyu kingekuwa cha yule, na kila mtu angekuwa na karatasi halali ya kumthibitishia kwamba ameibiwa.

Kijana wa upande wa pili

Sijaeleza kwa nini niliitwa pale. Upande wa magharibi wa mama kuna kitalu kipya, kilichopimwa kwa setilaiti miaka ya karibuni. Kijana mmoja alinunua kiwanja humo, akaonyeshwa mawe yake mapya, akaanza kuchimba msingi wa ukuta. Jiwe lake jipya lilikuwa ndani ya eneo la mama. Mpaka wake mpya ukakata shina la mwembe.

Sikumlaumu na silaumu hata sasa. Amekopa, amelipa, amepewa hati. Mpima wake amezifuata namba zilezile ambazo mimi nilizifuata, na bila shaka kwa vigezo vya ukoo uleule. Ukanda wenyewe ni mwembamba, sentimita 62 kwa urefu wa mita 40, hata chumba kizuri hakitoki humo. Lakini mama aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama na maembe ni ya kijana. Sikuwa na jibu la kitaalamu kwa swali hilo.

Shuleni tulifundishwa mpangilio wa ushahidi, na mtihani tuliufaulu: alama ya asili kama mto, kisha jiwe la mwanzo ambalo halijaguswa, kisha vipimo vya kutoka jiwe hadi jiwe, ndipo namba, na eneo mwisho kabisa. Sheria ya upimaji, Sura ya 324, inafanya kung'oa alama ya upimaji kuwa kosa. Yote haya tunayajua. Lakini kazi ikilipwa kwa idadi ya viwanja, na mradi wa urasimishaji una tarehe ya kukabidhi, nani atatumia nusu siku kugonga ardhi na sululu akitafuta jiwe la 1978? Risiva haitafuti jiwe. Inakupeleka mahali, na ukifika usipoona kitu unasimika chako.

Nadhani hapo ndipo tulipokosea njia, na nasema tulipokosea nikijihesabu. Rwanda ilisajili vipande zaidi ya milioni 10 vya ardhi ndani ya miaka michache baada ya 2009 kwa picha za anga, majirani wakitembea mipaka yao na kuionyesha wenyewe. Kwa sentimita, kazi ile ni hafifu kuliko yetu. Ila waliwauliza watu kwanza. Mimi nimekulia Kilimanjaro, ambako mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni mstari wa mimea ya masale, na hakuna mtoto anayeng'oa isale la mpakani hata kwa mchezo. Jani hilohilo ndilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, kuomba msamaha. Nilijua hivyo kabla sijajua hesabu za pembetatu, kisha nikasoma, nikanunua kifaa, nikaja mbele ya mama wa watu na nyundo.

Tulikutana wote chini ya mwembe: mama, kijana, mjumbe, mwenyekiti. Sikueleza habari za setilaiti. Nilimpa kijana mwanzo wa tepu, nikamwomba apime mwenyewe kutoka jiwe la mwembe mpaka la figa, kisha asome ramani. Alipima mara mbili. Mara ya pili hakuniangalia, alimwangalia mama.

Zege alikuwa bado hajamwaga. Mtaro wake ameufukia, lakini nani ashughulikie fidia ya sentimita zake 62, hilo limo kwenye ripoti yangu, na ripoti imeshafika ofisi ya ardhi. Nimependekeza kitalu cha zamani kitafutiwe vigezo vyake kutokana na mawe yaliyopatikana, na mpaka wa kitalu kipya ufuate mawe ya zamani. Nasubiri. Kwenye daftari la kazi, mbele ya namba ya jiwe la mwembe, nimeandika: limekutwa, halijasogezwa.

Faili la miaka mitatu nyuma

Ningeweza kuishia hapo, na wiki mbili nilijaribu kuishia hapo.

Lakini kuna kazi nyingine niliyofanya mjini huuhuu, miaka mitatu iliyopita, mtaa wa pili kutoka pale. Nakumbuka jiwe moja karibu na barabara. Halikuwa kwenye namba yake, barabara ilikuwa imetoka kuchongwa, nikaandika kwamba limesukumwa na greda. Hakukuwa na mama wa kusema ngoja kwanza. Mwenye kiwanja alikuwa safarini. Tuling'oa, tukasimika jipya, ikafiksi vizuri sana.

Juzi nimefungua lile faili.

Sentimita 59. Magharibi.

Shimo la jiwe lile lazima bado lipo, kama hawajamwaga lami. Zege la chini huacha alama kwenye udongo, rangi yake hutofautiana hata baada ya miaka, na mawe mengine ya kitalu kile yatanionyesha mahali pa kuchimba. Nimempigia mwenye kiwanja. Hakunielewa vizuri kwenye simu, aliniuliza mara mbili kama nadai hela. Nimemwambia Jumamosi nitakuja na jembe na tepu, na kwamba sidai chochote.

Dada yangu anateremka kutoka Moshi Ijumaa. Nimemwomba aniletee isale.